Nilivyong'oa miti ya baba mkwe wangu kwenye shamba la Rais wa zamani

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi seremala, naishi Masisi, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Humu ndani nimekuwa msomaji wa kimyakimya muda mrefu, nacheka na comments zenu kisha napita zangu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni. Nitakayosimulia niliyafanya kwa mikono yangu hii miwili, sina sababu ya kutia chumvi. Asiyeamini apite salama, hatuna ugomvi.

Majina nimebadili. Na nyinyi wa Kiswahili cha shule mnivumilie, watu wa kwetu wakianza kuongea nitawaacha waongee kama wanavyoongea: njo ni ndiyo, udongo ni ardhi, fasi ni mahali, na ba- ni wa-, yaani bantu ni watu.

Haya, twende.

Huku kwetu juu ya kilima kimoja kuna nyumba ya rais mmoja wa zamani wa nchi yetu. Siyo ikulu. Ni nyumba ya shamba la ng'ombe, mahali mkubwa anakuja kupumzika, kula jibini na kutazama ng'ombe wake wakishuka kunywa maji. Sisi tunapaita "kwa Prezida".

Mwenyewe alishakufa zamani. Shamba sasa ni la tajiri mwingine ambaye sura yake hatuijui, yuko mbali huko. Ameweka msimamizi, tunamwita gérant kwa Kifaransa chetu, na huyo tunamjua sana.

Nyumba ilikuwa inakufa. Mbuzi wanalala sebuleni. Vita vimepita hapo mara nyingi, na kila kundi lililolala humo liliondoka na mlango au dirisha kwenda kuotea moto.

Akatokea mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kirotshe, kule kando ya ziwa, nitamwita Mama Solange. Mfupi, sauti ya kengele. Ndiye aliyetukusanya na kwenda kumbembeleza gérant mpaka akakubali. Tangu hapo kila Jumamosi tunafanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya bure, kama wazazi wetu walivyofanya. Wanawake wanafyeka, vijana wanabeba mawe, mimi napanda juu kwenye paa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Yaani mnamtengenezea nyumba kiongozi aliyewala?" Mkuu, tulia. Hata mke wangu Neema aliniuliza hivyo hivyo, tena akiwa na mwiko mkononi.

Jibu langu mimi ni dari ya sebule. Mbao zimeunganishwa kwa kuchonga, hakuna msumari hata mmoja unaoonekana. Mafundi walioichonga ni babu zetu, siyo rais. Nikiiangalia ikioza napandwa na hasira kabisa.

Mbao za kurudishia zilitoka Walikale. Wale watu wa msituni walitupa mti bure, na mzee wao kwanza akazungumza na ule mti kwa mila zao, mchungaji wao akiwa pembeni anajifanya anasoma simu. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na vita, basi mbao zikazunguka Hombo, zikaenda Bukavu, zikapanda boti hadi Kirotshe. Mbao zimesafiri kuliko mimi.

Sasa nije kwenye mtu mwenyewe wa huu uzi.

Baba mkwe wangu, Papa Bauma. Mzee mrefu, mkimya, baba wa Neema. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila salongo na wa mwisho kuondoka. Siku moja kijana alimtania kwamba anafagia kwa mtu aliyemnyang'anya babu yake kilima. Ni kweli, kabla ya shamba lile kuwepo, babu yake alilima hapo. Mzee akajibu bila kuacha kufagia: "Nyumba haikuibaka kintu ya muntu." Yaani nyumba haijamwibia mtu kitu.

Mimi nilimpenda mzee huyu. Naandika hivyo wazi kwa sababu mbele yake siwezi kusema. Kwetu baba mkwe huli naye sahani moja, humtanii, humkazii macho. Na kumuuliza swali lenye harufu ya mashtaka, afadhali ulale njaa.

Chini ya ile nyumba kuna mteremko ambao watu wa kijiji wameruhusiwa kulima. Wameruhusiwa tu, siyo wao. Papa Bauma ana kipande chake pale, na ndicho kinachomlisha yeye na wajukuu anaowalea.

Sheria haijaandikwa popote lakini hata mtoto anaijua. Panda maharage, panda viazi, panda mahindi, chochote kinachovunwa kikaondoka. Usipande mgomba. Usipande mti. Kwetu Masisi aliyepanda mti amesema kwamba ardhi ni yake, na hapo maneno yanaisha yanaanza mapanga. Watu wamekufa kwa ajili ya mti mmoja, sitanii.

Tatizo likawa upepo. Kule juu upepo unatoka mgongoni mwa kilima na kuchomoa mabati kila nikiyapiga. Nikigongomea Jumamosi, katikati ya wiki yako kwenye majani. Mama Solange akaenda tena kwa gérant, wakakubaliana kwa mdomo: tupande mikaratusi nyuma ya nyumba, mstari mmoja wa kuzuia upepo, basi. Kwa kuwa ni kwa ajili ya nyumba, hakuna mwenye mti.

Miche ikaja na Papa Bauma akakabidhiwa kazi ya kuipanda. Nani mwingine? Yule mzee akishika jembe hata udongo unatulia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa juu ya paa, misumari mdomoni. Nikageuka kuomba bati lingine, nikaona.

Mstari wa miche ulianza nyuma ya nyumba sawasawa. Ukafika kona. Pale kwenye kona ulitakiwa kuisha. Haukuisha. Ulipinda, ukashuka mteremko pembeni ya shamba la Papa Bauma, mche kwa mche, mpaka mwisho wa maharage yake.

Wakuu, nilitema misumari.

Kutoka chini hauonekani vizuri kwa sababu maharage yalikuwa yamenyanyuka. Kutoka juu ulikuwa wazi kabisa. Miche ilizidi, na mzee ameenda kuimalizia kwenye shamba ambalo hana haki ya kupanda hata mgomba.

Nilishuka ngazi. Nikamwona mzee yuko kwenye bomba la maji anaosha jembe. Nikamsogelea. Nikasema: "Papa, kazi imeendelea." Akasema: "Imeendelea, mukwe." Nikaondoka. Ndiyo heshima hiyo, inaweza kuua mtu.

Nyumbani nikamwambia Neema. Akakaa chini.

"Umuulize," akasema.

"Nimuulize namna gani? Ni papa yako. Uliza weye."

"Mie nitauliza papa kama anaiba udongo?"

Hakuna aliyeuliza. Tulijiambia labda gérant hataona, labda mvua itaing'oa yenyewe. Wiki nzima nililala vibaya. Nikipiga randa naona ule mstari ulivyopinda. Maharage ya mzee yalikuwa yameanza kukauka maganda, bado kidogo tu yavunwe, na mimi nilikuwa naomba Mungu gérant apate hata malaria ndogo. Mungu anisamehe.

Hakupata malaria.

Jumamosi tukiwa katikati ya salongo tukasikia pikipiki. Gérant kashuka, na nyuma yake vijana wawili wenye bunduki. Hawa vijana usiniulize ni wa upande gani. Kwetu anayeshika barabara mwezi huu siyo lazima awe yule wa mwezi uliopita. Bunduki ni ile ile.

Mapanga yote ya kufyekea yakasimama. Mtu mmoja akaweka la kwake chini taratibu, wengine wakaiga, maana panga mkononi mbele ya bunduki ni jambo linaloweza kueleweka vibaya.

Gérant siyo mtu wa kelele. Hiyo ndiyo inayotisha.

"Mama Solange," akasema, "ile miti ya kule chini, ni nani alipanda?"

"Miti gani tena, Patron? Tulisikilizana. Ni ya upepo."

"Ya upepo iko nyuma ya nyumba, nimeiona. Mie nauliza ya kule, mu maharagi. Upepo inatokaka mu maharagi?"

Mama Solange akageuka kutazama chini. Nikaona uso wake unabadilika. Yeye hakujua.

Gérant akatuzungukia kwa macho. "Kumbe hii salongo yenu njo mulikuwa munatafutia udongo. Munapaka nyumba rangi huku, munakata mipaka kule. Sawa. Leo nafunga. Hakuna muntu atakanyaga tena hapa. Na shamba zote za kule chini, zimeisha. Na ule alipanda, tunaenda naye."

Wenyeji wa huku wanajua "tunaenda naye" maana yake. Kuna shimo mahali la kufungia watu. Wengine wanarudi kutoka huko wakiwa wamekonda na hawataki kuongea. Wengine familia inaambiwa wamehamishiwa kwingine.

Papa Bauma alikuwa amesimama kama hatua chache kutoka kwangu, ameegemea jembe. Hakuinamisha kichwa. Nikajua anataka kusema "ni mimi". Namjua. Angesema.

Nikasema mimi.

"Ni mie, Patron."

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Neema alikuwa kwenye mafiga na akina mama wanaopikia salongo, nikaona ameacha mwiko ndani ya sufuria.

Gérant akanitazama. "Weye? Si weye fundi wa paa? Uko na shamba hapa?"

"Sina hata tuta moja. Njo maana. Mie ni menuisier, seremala, natafutaka mbao. Miche ilibakia, nikaona itakufa bure. Nikamuambia Papa anipandie pembeni ya shamba yake, ikikomaa nipate mbao. Sikufikiri mambo ya mupaka."

Mnaielewa hesabu yangu? Mti wa mtu mwenye shamba ni mpaka. Mti wa mtu asiye na shamba ni mbao tu, ni tamaa ya fundi mjinga. Mpumbavu anachapwa makofi, hapelekwi shimoni. Ndivyo nilivyojipangia kichwani, kama nilipanga kweli. Inawezekana niliropoka tu.

Gérant akamgeukia mzee. "Ni vile, Papa?"

Hapo ndipo roho ilitaka kunitoka. Papa Bauma hajawahi kusema uongo mbele yangu. Kijana mmoja wa bunduki alikuwa anachezea mkanda wa bunduki yake, na ile sauti ya chuma kugonga chuma ndiyo pekee iliyosikika kilima kizima.

Mzee akavuta pumzi.

"Huyu mutoto," akasema polepole, "banamusemaka kila siku. Akili yake iko mu mbao tu. Nilimukatalia, akanisumbua."

Watu wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha hofu. Mama Solange naye, kwa ile sauti ya kengele, akaanza kunifokea mbele ya wote, eti nimetaka kuwaharibia, eti alijua tangu mwanzo mimi ni mlafi wa mbao. Alinifokea vizuri sana. Sijui mpaka leo kama alikuwa anaigiza.

Gérant hakucheka. Aliniangalia, akamwangalia mzee, akaniangalia tena. Kama aliamini, aliamini nusu.

"Sawa," akasema. "Kama ni yako, ng'oa. Yote. Saa hii. Na mikono. Na Papa asimame pale aone."

Wakuu, kung'oa mti ni kitu gani? Ni mche wa magotini, unavuta unatoka. Lakini kwetu kung'oa mti ambao mtu amepanda ni kumwambia kwamba hapa duniani hana pa kusimama. Maadui ndio wanafanyiana hivyo. Na mimi nilikuwa mkwe wake.

Nilianzia juu, kwenye kona.

Mzee alikuwa ameipanda kwa uangalifu. Kila mche ulikuwa na kishimo chake cha kukamata maji na mbolea ya ng'ombe imewekwa. Ilikuwa imeshashika. Nilipovuta, mizizi ilikatika kwa sauti ndogo, na kila sauti niliisikia mgongoni kwa sababu alikuwa nyuma yangu anashuka pamoja nami, hatua kwa hatua, kama alivyoamriwa.

Sikugeuka. Nilikuwa nalia na sikutaka yule kijana wa bunduki aone.

Katikati kidole kikachanika kwenye jiwe. Damu na udongo vikachanganyika. Gérant akasema, "Haraka." Nikaharakisha. Nikafika mwisho kabisa wa maharage, mche wa mwisho, nikavuta. Nikasimama na mikono mitupu.

Kijana mmoja wa bunduki akaikusanya yote akaenda kuitupa kwenye josho la zamani la ng'ombe, lile la rais, limejaa maji machafu.

Gérant akapanda pikipiki yake. Akamwambia Mama Solange salongo iendelee, miti ya nyuma ya nyumba ibaki, lakini siku akiona mche mwingine mmoja hatauliza tena. Wakaondoka.

Hakuna aliyenipa pole. Siyo kwamba walinichukia, hawakujua waanzie wapi. Papa Bauma akachukua jembe lake akaenda. Neema akanifunga kidole kwa kipande cha kitenge.

Maharage yakavunwa. Mwaka ule yalitoka mazuri. Mzee hakuja tena salongo, na mimi niliendelea kupiga mabati huku najipongeza kimoyomoyo. Nimemwokoa, nilijiambia. Alikosea kwa tamaa ya ardhi ya babu yake, mimi nikafunika. Hata Neema nilishaanza kumringia kidogo.

Kisha mzee akaniita kwake.

Nilimkuta uani, ametandaza maharage juani anayapiga kwa fimbo yatoke maganda. Nikakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa. Akaendelea kupiga. Nikangoja.

"Mukwe."

"Papa."

"Ile siku ulisema bongo muzuri."

(Bongo kwetu ni uongo, msinishukie wa Dar.)

"Munisamehe, Papa."

"Hapana. Bila ile bongo singekuwa hapa." Akapiga tena mara kadhaa, maharage yakaruka. "Lakini ulizania nilikuwa nakata mupaka."

Nikaokota punje mbili zilizonirukia.

"Bote mulizania vile. Weye, Neema, gérant. Mie na hii miaka yangu, nitapeleka udongo wapi?"

Akaweka fimbo chini. Ni mara ya kwanza nilimwona ameacha kazi bila kumaliza.

"Mama ya Neema alikufia kambini Lushebere, wakati tulikimbiaka vita. Tulimuzika kule mu shamba ya bantu. Nilienda kumuangalia mwaka uliopita. Balishajenga manyumba. Nilizunguka, nikazunguka, sikuona fasi yake. Nikarudi."

Akasogeza maganda kwa mguu.

"Nikasema, mie nitapanda miti kidogo kufuata maharagi, na pale pa muti ya mwisho mutaniweka. Hata udongo ikichukuliwa, hata mukimbie vita tena, siku munarudi batoto batauliza, mutasema: Papa iko pa muti ya mwisho. Njo ile tu nilikuwa nataka."

Kisha akachukua fimbo, akaendelea kupiga maharage.

Nilikaa pale mpaka ikafika wakati wa kuaga. Sikuaga vizuri. Nilifika nyumbani nikamwambia Neema yote, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba na sikumfuata.

Wakuu, nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba heshima ya kutouliza ina bei yake. Swali moja kwa mzee kabla ya ile Jumamosi, hata kupitia mdomo wa mjukuu, lingetupa nafasi ya kutafuta njia. Na hapo hapo nakiri gérant hakukosea sana, kwa sababu kaburi ni mpaka kuliko hata mti, angelijua angekasirika zaidi. Nimekaa na hilo nalo halinipi amani.

Salongo inaendelea. Nyumba ya rais ina paa, dari imeshikwa, madirisha mawili nimeweka mapya. Mama Solange anasema siku vita vikiisha wageni watakuja kuitazama. Mimi bado napanda juu kila Jumamosi, lakini sitazami tena upande wa maharage.

Baba mkwe anakohoa siku hizi.

Uwanja ni wenu. Anayetaka kunilaumu anilaumu, nimezoea, nimefokewa na Mama Solange. Ila kabla hujaandika chochote kingine nisaidie hili kwanza, wewe unayejua sheria, wewe mchungaji, wewe mwenye shamba lako huko ulipo: mtu ambaye hana hata pa kupanda mti mmoja, sisi watoto wake tukamzike wapi?